Mchanga hautaki ubabe: namna ya kuendesha matuta ya jangwani ukiwa na kundi

Stori za magari zikianza hapa Mwanza lazima atokee mmoja aseme mchanga unataka mashine, Land Cruiser V8 au Land Cruiser mkonga, yaani unakanyaga mafuta tu unapita. Mi nilikaa Dubai miaka minne, siku za kazi nilikuwa naendesha gari la watu, wikiendi naingia jangwani na jamaa wa klabu, na nimeona kwa macho yangu V8 imekaa tumbo mchangani magurudumu yote yanazunguka bure huku kijimny, kale ka Suzuki kadogo, kinapita pembeni yake taratibu kama kinaenda dukani kununua sukari. Vijana wetu wengi wanaenda Uarabuni kutafuta, wanaalikwa na wenzao wa kazini waende jangwani, wanaingia na uendeshaji wa barabara ya Shinyanga na ndani ya dakika kumi wanafukuliwa kwa koleo. Na hapa nyumbani nako tumeanza kakundi ketu, magari sita saba hivi, maswali ni yale yale kila siku, basi niyaandike mara moja.

Tuelewane kwanza, jangwa sisi hatuna. Tuna mchanga wa ufukweni na tuna luseni, ule udongo wa kichanga, ya vilimani Usukumani, ila tuta lenyewe la upepo la karibu ni lile jeusi linalohama kule karibu na Oldupai, Ngorongoro. Lile ni jivu la volkano la Oldoinyo Lengai, upepo wa mashariki umelisukuma likajikunja umbo la mwezi mwandamo na kila mwaka linasogea mita kadhaa kwenda magharibi. Lile ni la kutazama tu wakuu, msije mkalipandia na gari, mle hifadhini hata kutoka nje ya njia ni kosa. Ila ukifika simama ulitazame vizuri maana ndo darasa lenyewe: upande unaopigwa na upepo umelala taratibu, mchanga wake umeshindiliwa, upande wa pili umekatika ghafla na mchanga wake ni wa kuporomoka, mteremko wa nyuzi 30 na kitu. Matuta ya Dubai, Oman na Namibia yana tabia hiyo hiyo, tofauti ni ukubwa tu. Kule Liwa, Abu Dhabi, kuna moja linaitwa Moreeb linatajwa kuwa na kimo cha karibu mita 300, hilo wenyewe wanaandaa magari maalumu kulipanda, we mgeni unalitazama kwa mbali unakunywa chai.

Sasa gari. Inatakiwa 4x4 ya kweli, yenye gia nzito ya chini, ile 4L. Harrier na RAV4 nyingi za mjini hazina, utasukumwa siku nzima halafu utawachosha wenzako. Gari isiwe inachemsha, na kama rejeta yako unaijaza maji kila ukifika Magu basi kaa nyumbani, mchangani injini inafanya kazi mara mbili na mwendo wenyewe ni mdogo, upepo wa kuipoza haupo. Ndani ya gari kila kitu kifungwe, jeki, spea, kreti la soda, sanduku la spana, kwa sababu ukishuka tuta vibaya hivyo vyote vinakuja kichwani. Nilishawahi kupigwa kisogoni na chupa ya maji ya Uhai ya lita moja na nusu, nikacheka, ila ingekuwa jeki nisingekuwa naandika hapa.

Kitu kingine ambacho watu wa huku tunakosea sana ni ndoano. Klabu nyingi za kule hawakuruhusu kuanza kama gari halina ndoano imara ya kuvutia mbele na nyuma, iliyofungwa kwenye chesisi. Magari yetu mengi yametoka Japani yametumika, na chini yana vile vikulabu vyembamba vilivyowekwa kwa ajili ya kufungia gari lisicheze melini. Mtu anakiona anasema ndoano si hii hapa! Hiyo siyo. Kikivutwa kwa mshtuko kinang'oka na kuruka kama risasi. Nenda kwa fundi wa chesisi anayejua kazi yake akufungie ndoano yenye boliti za maana, usichomelewe chomelewe tu pale kando ya barabara.

Tukija kwenye upepo wa tairi, hapa naomba mnisikilize maana nusu ya mambo yote yako hapa. Barabarani unatembea na psi 32 mpaka 36. Mchangani unashusha mpaka 15, gari zito lililopakia 18, kama mchanga ni laini sana na wenyeji wamesema, 12 mpaka 13. Mtu akisikia 15 anashtuka anasema si pancha hiyo. Ndiyo, inaonekana kama pancha, tairi linakaa limetanuka, na ndo tunachotaka. Umeshawahi kuona harusi za ufukweni, dada kavaa viatu vya kuchuchumia anatembea mchangani? Kila hatua kisigino kinazama, akivua anatembea vizuri tu, ni mguu ule ule na uzito ule ule. Tairi lililojaa ni kisigino, tairi lililopunguzwa ni unyayo, linarefuka kwenda mbele na nyuma linakaa juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ngamia naye Mungu kampa mguu wa hivyo hivyo.

Ununue kipimo chako mwenyewe cha upepo, usitegemee kupiga teke tairi kama madalali wa magari. Unabonyeza kile kisindano cha valvu unahesabu, unapima, unabonyeza tena, tairi nne zote zilingane. Ukishashusha kuna mambo yanabadilika: usikate kona kali kwa kasi maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, usirudi lami nalo likiwa hivyo, na mwendo wako uwe wa adabu. Halafu nyie wenye mkonga wa zamani wenye tairi za tyubu, kuweni makini zaidi, ukishusha sana tairi linateleza juu ya rimu, tyubu inavutwa, valvu inang'oka na hapo hakuna kuziba ni kubadilisha tyubu jangwani juani. Hao mi nawaambia wasishuke chini ya 20 au waweke tubeless kabisa, zile zisizo na tyubu. Na lazima katika msafara kuwe na kompresa angalau mbili za kuchomeka kwenye betri, mbili, siyo moja, moja huwa inakufa siku unayoihitaji.

Klabu ya kule inaendeshwa hivi. Mnakutana sheli alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwa sababu mchanga wa asubuhi una ubaridi na umejishika, saa sita mchana ule ule unakuwa kama unga wa sembe. Msimu wenyewe ni Oktoba mpaka Aprili, kiangazi joto linapita nyuzi 45 na wenye akili hawaingii. Mnajaza mafuta tenki lote, maana mchangani gari inakunywa zaidi sana, mnahesabiwa, wageni wanasemwa wazi kuwa ni wageni wala siyo matusi. Kisha kiongozi anapanga mstari. Yeye mbele, nyuma yake moja kwa moja wale wageni, ili wafuate alama za matairi yake kabla hazijavurugwa, katikati wazoefu kidogo, na wa mwisho kabisa ni mtu mzito, mwenye gari zuri na vifaa, kazi yake hakuna gari linalobaki nyuma yake. Huyo wa mwisho kwangu mi ndo dereva bora kuliko wa mbele, wa mbele anachagua njia lakini wa mwisho anaokota watu.

Mstari ukishapangwa haubadiliki, hakuna kuovateki. Huku kwetu mtu akiona mwenzake anakwenda taratibu anamkwepa, kule ukifanya hivyo mara moja unaonywa, mara ya pili unasindikizwa barabarani. Kila mtu kazi yake ni kuangalia wa nyuma yake kwenye kioo, usipomuona simama mahali pazuri na umwambie wa mbele kwa redio, na hivyo hivyo mpaka taarifa inamfikia kiongozi, msafara wote unasimama wenyewe. Redio za mkononi ni muhimu kuliko simu maana mtandao unakata kati ya matuta, ila hapa Tanzania masafa yako chini ya TCRA, ulizeni kibali kabla ya kununua. Na kila gari linakuwa na bendera ndefu juu ya fito, ili ukiwa upande huu wa tuta uone bendera ya mwenzako anayekuja upande ule kabla hamjakutana pua kwa pua kileleni. Wa mbele yako hajapita tuta, we hauanzi kupanda. Unasubiri chini, mkono kwenye gia, mpaka aseme kwenye redio kwamba amevuka. Ajali mbaya zinatokea hapo, mtu kakwama kileleni anarudi kinyumenyume, na mwingine keshaondoka chini kwa kasi.

Kupanda kwenyewe. Tuta unalipanda uso kwa uso, moja kwa moja, na kulishuka moja kwa moja. Kupita ubavuni ndo kupinduka kwenyewe, maana magurudumu ya chini yanazama, ya juu yanabaki, gari linalala. Kama umeanza kuserereka ubavuni akili yako itakwambia kata usukani juu, na akili yako inadanganya, kata usukani CHINI, elekea unakoserereka, kanyaga mafuta kidogo, gari litanyooka lenyewe. Hiyo ifanyieni mazoezi mahali padogo mpaka mkono uzoee maana siku ya siku hakuna muda wa kufikiri.

Kasi unaichukua chini kabla ya tuta, siyo ukiwa katikati. Ukiwa katikati umeona haifiki, usiongeze mafuta kwa hasira, utachimba tu. Achia mafuta kabla gari halijasimama kabisa, weka rivasi, rudi kwenye alama zako zile zile, moja kwa moja, bila kukata usukani, jaribu tena na kasi zaidi kidogo. Kushindwa tuta siyo aibu, aibu ni kung'ang'ania. Gia unayopandia iwe ile utakayomaliza nayo, kubadilisha gia katikati ya mchanga gari linapoteza mwendo na ukishapoteza mwendo umekwisha. Wenye automatiki wekeni ile ya kuchagua gia kwa mkono, na zimeni kile kitufe chenye alama ya gari linaloserereka, kompyuta ikiona tairi linazunguka inakata nguvu wakati we ndo unaihitaji.

Kileleni ndo mtihani. Kumbuka lile la Oldupai, upande wa pili umekatika. Ukifika juu na kasi unaruka, unatua na pua, rejeta na bampa kwaheri, mgongo wako pia. Ukifika taratibu sana unakaa tumbo, magurudumu ya mbele hewani na ya nyuma hewani, gari inabembea kama pembea ya watoto. Unachofanya ni kuachia mafuta hatua chache kabla ya ukingo ili gari lifike juu likiwa karibu kusimama, lichungulie, lidondoke lenyewe. Mi siku ya kwanza nilikaa tumbo mara tatu kwenye tuta moja, kiongozi wetu, mzee mmoja Mpalestina mpole sana, alikuwa anakuja na koleo anacheka anasema tena. Ukishaanza kushuka usikanyage breki, injini ikushike na gia ya chini, na ukiona nyuma inataka kukupita gusa mafuta kidogo gari linyooke. Kushika breki kwenye mteremko wa mchanga ni kumwambia gari ligeuke ubavu.

Na ukitaka kusimama, simama pua ikitazama chini. Kwenye mteremko, kwenye mgongo, popote, ila pua chini, ili ukiondoka uzito ukusaidie. Mgeni unamjua kwa sehemu anayoegesha, anasimama kwenye bonde laini katikati ya matuta, wenyewe wanaita bakuli, halafu anashangaa kwanini haondoki. Simama pia kwa kuachia mafuta gari life mwendo lenyewe, breki inajenga vijituta vya mchanga mbele ya kila tairi na hivyo ndo vitakufunga.

Umezama. Sawa, kila mtu anazama. Ukihisi tu tairi inazunguka na gari haiendi, ACHA. Sekunde tano za ubishi ni dakika arobaini za koleo. Shuka utazame, difu, lile bonge la gia chini katikati ya ekseli, imegusa mchanga au bado? Kama haijagusa, fukua mbele na nyuma ya kila tairi, fukua kwa mkono hata, shusha upepo psi mbili zaidi, rudi nyuma kwa alama zako. Ikiwa imegusa lazima utoe mchanga chini ya tumbo lote, hakuna njia ya mkato hapo, abiria wote washuke wafanye kazi na yule anayepiga picha apewe koleo la pili. Vibao vya mchanga vinaingia mbele ya tairi zinazovuta, vikikosekana mkeka wa gari unasaidia mara moja halafu unaruka nyuma, mtu asisimame huko.

Kamba nimeiacha peke yake kwa sababu inaua. Mnyororo na waya wa chuma sahauni kabisa kwa kuvuta kwa mshtuko. Inatakiwa kamba ya nailoni inayonyumbulika iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, shakeli, zile pete za chuma zenye pini, ziwe zimeandikwa uzito zinaoweza kuvuta, na kamwe usifunge kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela, kimeshakatika kikaua watu. Katikati ya kamba tupieni blanketi au koti zito ili ikikatika isiruke. Watu wote wakae mbali, urefu wa kamba na zaidi, wanaobaki ni madereva wawili tu na mmoja wa kutoa ishara. Mmoja! Sisi Wabongo gari likikwama kila mtu fundi, huyu anasema njoo huyu anasema acha, huyu kashika bampa anasukuma huku kamba imekaza. Jangwani wa kutoa amri anachaguliwa kabla ya kamba kufungwa na wengine wananyamaza hata kama wanajua zaidi.

Kuna mtego mmoja wa kule wanauita sabkha, ni uwanda wa chumvi, juu umekauka mgumu unang'aa kama sakafu, chini ni tope. Unaona raha baada ya matuta unaongeza mwendo, ganda linavunjika unazama kwenye tope la chumvi na hapo koleo halisaidii. Mi nilivyoelezewa nikacheka, nikasema hii si mbuga tu hii! Msukuma yeyote anajua mbuga, ule udongo mweusi, juu umepasuka umekauka chini unakusubiri. Mwaka jana tukiwa upande wa Magu mwenzetu mmoja akakatiza mbuga wiki moja baada ya mvua, anasema pamekauka jamani, alama za ng'ombe hizo hapo. Akazama mpaka kwenye ngazi. Tukajaribu kamba, gari la kuvuta nalo likaanza kuzama, mwisho tukamwendea mzee mmoja jirani, shikamoo nyingi, akaja na jozi mbili za ng'ombe wa plau na mjukuu wake wa miaka kama kumi ndo anaswaga, wakalitoa. Mzee hakutaka hela nyingi, alitaka tu kujua gari lenye kelele zote zile bei gani, tulipomwambia akauliza hiyo ni ng'ombe wangapi, akapiga hesabu kimya kimya akaondoka anatikisa kichwa.

Kwa mazoezi huku kwetu, tafadhali msiende kwenye ufukwe wa ziwa. Sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto kuwa eneo la kulindwa, na achana na sheria, ule mchanga una kazi za watu. Mama kaanika dagaa pale, nyavu zimetandazwa, watoto wanaoga, halafu we unakuja na Prado unarusha mchanga. Na mchanga wa karibu na maji ni mtego kama sabkha. Sisi tunaomba kwa wenye machimbo ya mchanga yaliyokwisha, ya nchi kavu, tunamlipa mwenyewe, tunaandikishana, tunaingia Jumapili malori yakiwa hayapo, na tunakwenda Juni mpaka Septemba mvua zikiwa zimekata. Hakuna matuta marefu lakini kuna milundo ya mita mbili tatu ya kujifunzia kupanda, kuchungulia kileleni na kushuka bila breki. Mnaanza na 35 psi kwa makusudi mzame, kisha mnashusha mpaka 15 mnapita pale pale, hapo hata yule wa mashine anaelewa bila kubishana.

Mkimaliza msikimbilie lami. Jazeni upepo pale pale mpaka 32, kagueni pembeni za tairi ndani na nje, nati za rimu zikazwe, kuna mwenzetu alifika Igoma nati mbili zimeshatoka. Jumatatu kapigishe gari maji ya presha chini, mchanga unakaa kwenye breki na kwenye bearing, na kafungue chujio la hewa ulikung'ute maana ukilitazama utadhani umebeba kilo ya unga. Kikao kijacho tunakutana sheli saa kumi na mbili kamili asubuhi, mwenye mkonga wa tyubu aje na tyubu mbili za akiba, na nani yule aliyeondoka na kipimo changu cha upepo akirudishe.